Mwanamke wa Mkono Juu

Hapana Mama, sikusinzia. Mtu akisinzia ndani ya basi, anaamka ndani ya basi. Mimi niliamka wapi? Sikuamka popote, kwa sababu nilikuwa nje, kwa miguu, matope mpaka magotini. Na usiseme ni malaria. Malaria mimi naijua, nimekua nayo.

Basi, Mama amekataa kusikia, amerudi kwenye cherehani yake, na mimi naandika hapa. Wewe utakayesoma, niamini. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, jioni, macho wazi.

Nilikuwa natoka Bombo kwa shangazi, kuchukua kitambaa cha yunifomu. Sisi tunakaa kambi ya polisi hapa Kampala. Baba wamemhamishia kaskazini, na cherehani ya Mama ndiyo inatulisha. Mvua ilikuwa imenyesha mchana wote. Tulipokaribia kinamasi, tairi ikapasuka. Kondakta anasema dakika kumi. Dakika kumi za kondakta unazijua? Mimi kungoja siwezi. Nikamwambia, "Natangulia, mtanikuta mbele."

Akacheka. "Tangulia, nyabo, bibie. Ukifika Kampala kabla yetu, utusalimie watu."

Ukungu ulikuwa unatoka kwenye mafunjo, mweupe, polepole, kama maziwa yanataka kuchemka. Barabara naiona hatua chache tu. Sauti za watu wa basi zikabaki nyuma, zikazimika. Nikasikia vyura, halafu hata vyura wakanyamaza. Umewahi kutembea ukahisi ni barabara ndiyo inatembea chini yako? Ilikuwa hivyo.

Mbele yangu nikaona mwanamke mmoja. Gomesi yake, gauni refu la manjano, ilikuwa kavu kabisa, na mvua ile yote! Mkono wa kulia ameinua juu, ameshika kitambulisho.

Kama ulikuwa mtoto wakati wa vita, mkono ule unaujua. Kwenye rodibloki ya wanajeshi gari inasimama, watu wote wanashuka. Gari inavuka tupu. Ninyi mnavuka kwa miguu, mstari mmoja, kitambulisho juu ya kichwa, wanawatazama mmoja mmoja. Ng'ambo ndiyo mnapanda tena. Lakini vita imeisha miaka mingi. Pale hakuna rodibloki, kuna mapipa mawili tu yenye kutu.

"Mama," nikamwambia, namtania, "shusha mkono. Wanajeshi walienda zamani."

"Hawajaniambia nipite," akasema.

Hakugeuka. Nikatembea naye sambamba. Niseme ukweli, sikuogopa. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, kama naelea majini. Akaniuliza, "Wewe si mtoto wa afande? Ulivaa sketi ya bluu. Ulikuwa unakimbia mbele ya watu wote."

Nikapunguza mwendo, nikamtazama vizuri.

"Cherehani yangu bado inafanya kazi?"

Banange, jamani! Hapo nikasimama.

Ngoja nieleze, na hili sijawahi kumwambia mtu. Karibu na mwisho wa vita tulikuwa tunatoka Bombo na lori, mimi na Baba. Nilikuwa na miaka tisa. Pale pale kwenye kinamasi watu wakashuka, wakavuka. Baba, kwa sababu ya yunifomu yake, walimwacha akae mbele na dereva. Mimi nilikimbia nikapanda wa kwanza. Na desturi ya malori ilikuwa hivi: aliyepanda wa kwanza anasimama pale nyuma, anatazama mstari, na mtu wa mwisho akishapanda, yeye ndiye anamwambia dereva. Dereva akapiga kelele, "Wewe mtoto, wote wamepanda?" Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimechoka na safari. Nilitazama nikaona ukungu tu, nikasema, "Ndiyo." Watu wazima wote walinisikia, hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtu alitaka kuondoka pale.

Tulipofika Kampala mzigo mmoja ukakosa mwenyewe: kichwa cha cherehani, kimefungwa na blanketi. Baba akasema tukiweke mpaka mwenyewe aulize. Nani aliuliza? Ndiyo hiyo Mama anashonea mpaka leo. Ndiyo imenisomesha.

"Inafanya kazi," nikamjibu.

"Nilikuwa nampelekea binti yangu, Topista, wa Port Bell. Nilimwahidi, ili aache kuuza samaki. Mwambie sikumdanganya."

Nikasikia basi yetu inakuja nyuma. Nikakimbia mbele kidogo, nikaisimamisha, nikageuka. Mwanamke yule anatembea, gomesi inapepea, mkono juu, miguu inapiga hatua, lakini hasogei. Hata kidogo. Nikapanda ngazi, nikashika mlango. "Dereva, ngoja! Kuna mtu bado!"

"Mtu gani?" kondakta akasema. "Mimi naona ukungu."

"Ni mchumba wake huyo!" mmoja akapiga kelele kutoka viti vya nyuma, basi nzima ikacheka.

"Ngoja, nimesema!"

Dereva akangoja. Alingoja mpaka kicheko kikaisha. Ukungu ukapita pale mlangoni, baridi, ukanigusa shavu. Halafu barabara ikawa tupu.

Mama anasema ni ndoto. Sawa. Jumamosi nilienda Port Bell, kule mabehewa ya treni yanaingizwa kwenye meli, nikauliza Topista. Watu wa pale hata hawakufikiri, wakanionyesha kwa kidole: mwanamke mnene, anakaanga samaki, mikono yote ina alama za mafuta ya moto. Nikanunua samaki moja. Nikamuuliza juu ya mama yake, kama mtu anayepiga stori tu.

"Mama gani?" akasema. "Yule alinikimbia. Eti anaenda kuniletea cherehani! Alipata bwana huko huko. Nikuongezee chumvi?"

Nikalipa, nikaondoka bila kumwambia. Samaki ile nilirudi nayo nyumbani, sikuila.

Tangu siku ile siwezi kupanda gari kabla ya mtu wa mwisho, makondakta wananitukana kila siku. Na Mama akishona, mimi sisikii cherehani. Nasikia hatua za mtu ambaye hafiki. Wewe unayesoma, hata kama una haraka kama mimi, hata kama tumbo linauma kwa njaa: ukiulizwa kama wote wamepanda, shuka kwanza uende ukaangalie.

Leo nimemwomba Mama tuirudishe cherehani. Amenijibu, "Akello, tangu lini mzimu anashona? Na hizi yunifomu arobaini nitazimalizia kwa meno?" Lakini amevunja sindano mbili jioni hii, yeye ambaye havunji.

Kesho asubuhi, kabla hajakaa kushona, nitamwambia kwamba mimi ndiye nilisema "Ndiyo". Halafu nitafungua skrubu, nitaifunga blanketi, nitaibeba kichwani mpaka Port Bell. Mama akilia, alie. Na Topista akiniuliza ni nani alimwacha mama yake pale, nitamtajia jina langu.