Kitufe cha Afande

Mwaka 2008, Lornah Khavere alifundisha kuandika programu za kompyuta katika ukumbi wa kanisa, mtaani Kangemi. Alipoona maelezo matupu yanawapa wanafunzi usingizi, aliwaletea waya, betri na vitaa vidogo, akawaagiza waunde taa za barabarani zinazoongozwa na programu, kama alivyozichora ubaoni kutoka kitabuni.

Taa za mwanafunzi mmoja, Nyakio, ziliwaka vizuri: nyekundu, njano, kijani. Lakini alikuwa ameongeza kitufe.

“Hiki nilikuagiza saa ngapi?” Lornah aliuliza kwa ukali. Hakupenda ujuaji.

“Ni cha afande, mwalimu. Kijani ikiwaka, gari haziendi mpaka yeye apunge mkono. Kitufe ndicho mkono wake; asipobonyeza, hakuna kwenda.”

Darasa likacheka. Lornah akataka kumkaripia, kisha akakumbuka. Asubuhi hiyohiyo, pale Westlands, taa ya kijani ilikuwa imewaka mbele ya matatu aliyopanda, na yeye wala hakuitazama. Kama abiria wote, alikuwa ameukodolea macho mkono wa polisi.

Akachukua kifutio, akafuta mchoro wake wote. Taa zile zilikuwa za mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi humo.