Nilivyokaribia kurudisha karakana nzima kwenye chaki kwa sababu ya bati la milimita 1.5

Wakuu, kosa langu la mwanzo kwenye CAD, yaani kuchora kwa kompyuta, lilikuwa hili: kila kipimo kwenye sketch (mchoro) nilikiandika kwa namba yake, bila kukiunganisha na kingine.

Naeleza lilivyotokea bila kujipamba, na sehemu za aibu naziacha humo humo.

Mie nimejifunza mwenyewe, kwa video na kuharibu. Nina wasiwasi wa asili. Mstari ukipinda kidogo kwenye screen, chakula hakipiti.

Nafanya kazi karakana ya Braza Sudi, Chamazi. Pale bati linachorwa kwa chaki, linakatwa, linakunjwa. Nilimbembeleza muda mrefu aniachie kazi moja nichore kwa kompyuta, tukakatishe kwa mashine ya laser.

Ikaja kazi ya Bi Mwanahawa, anauza sambusa Buguruni. Alitaka kabati la stainless la kutunza vitafunwa vya moto, liingie trei ambazo tayari anazo.

Sudi akasema, "Dogo, chukua hii. Ikigoma, tunarudi kwenye chaki na habari za kompyuta nisizisikie tena."

Nikachora kwa bati la unene wa milimita 1.2. Upana wa nje nikauandika kwa namba. Reli za kubeba trei zilikuwa na ndimi za kuingia kwenye matundu ya kuta za kabati, na upana wa matundu nao nikaandika 1.2, tundu moja moja.

Trei nikaiachia nafasi ya nusu milimita tu. Nilitaka ipite bila kuyumba hata kidogo. Ndiyo ugonjwa wangu huo.

Dukani 1.2 ikawa imeisha, tukachukua 1.5.

Nikabadilisha thickness, yaani unene wa bati, sehemu moja, mikunjo yote ikafuata, hakuna error. Nikajiona fundi. Faili likaenda kukatwa.

Tulipokunja, ndimi zikagoma kuingia. Mikunjo ilijua bati limenenepa, ila matundu yangu hayakuambiwa, yalibaki 1.2. Na kwa kuwa nilikuwa nimefunga upana wa nje, unene ulioongezeka ukala nafasi ya ndani.

Bi Mwanahawa akafika na trei mkononi. Nikamwamkia shikamoo.

Akajaribu kuiingiza. Ikakwama mdomoni.

"Mwanangu, trei yangu imenenepa au kabati lenu limekonda?"

"Muulize huyo," Sudi akasema. "Sie wengine hatujui kompyuta."

Mafundi wakacheka. Sudi akaanza kutafuta tupa achonge matundu. Nikamwambia, braza, nipe mpaka kesho. Bati lililobaki lilitosha kukata kuta upya mara moja tu.

"Mara moja," akasema.

Nikafungua sketch. Kwanza nikaruka upande wa pili: kila kipimo nikakiunganisha na thickness. Nikajaribu kuweka thickness 3, tundu la kupitishia waya wa umeme likawa kama la bomba la maji. Nikafuta yote.

Ndipo nikaanza kuuliza kila kipimo: wewe unamfuata nani?

Tundu la ulimi linafuata bati, kwa hiyo nikaandika Thickness + 0.2. Upana wa ndani unafuata trei, pamoja na milimita nne za kupumua. Upana wa nje haumfuati mtu moja kwa moja: ni wa ndani, jumlisha thickness mbili. Tundu la waya linafuata waya, basi likabaki na namba yake.

Nikapima trei halisi za Bi Mwanahawa, siyo kwa kukisia. Moja ilikuwa imepinda kidogo, nikachukua kipimo cha hiyo, maana ndiyo pana zaidi.

Kesho yake tukakata, tukakunja. Ndimi zikaingia kwa kidole.

Bi Mwanahawa akasukuma trei ndani, akaitoa, akairudisha. "Haya, hili sasa kabati. La jana lilikuwa kasha."

Sudi hakusifu. Alisema tu, "Kuna mteja wa Bunju anataka la trei kubwa. Chora wewe."

Nilichojifunza: kuunganisha vipimo ni kujua kila kimoja kinategemea nini. Ukiunganisha ovyo, unasambaza kosa kwa kasi zaidi.

Wenye uzoefu, nyie nafasi ya trei mnaachaga kiasi gani kwenye kitu kinachopata joto? Nikosoeni bila kunionea huruma.

Wasiwasi haujaniisha. Ila siku hizi, kabla sijatuma faili, nabadilisha thickness makusudi na kuangalia nini kimesogea na nini kimebaki.