Betri ya Lifti

Kristofa hakuwahi kumnyima mtu mzima kitu. Ndivyo alivyolelewa kwao Lukozi: mkubwa akisema, unaitika kwanza, mengine baadaye. Tabia hiyo ilimpa heshima kanisani na sokoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyokaribia kuua.

Mwaka wa tatu sasa ni mtunza lifti wa hospitali moja ya ghorofa tatu pale Lushoto. Umeme ukikatika, na milimani huku mvua ikishika hukatika sana, jenereta huhudumia chumba cha upasuaji tu. Lifti ina betri yake ya akiba, ya kuifikisha ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Haina kazi nyingine.

Kristofa akaipa kazi nyingine. Ilianza na bibi mmoja wa Mlola aliyekuwa akiuguza mjukuu. Simu yake ilikuwa imezima, naye analia kwamba nyumbani wakimkosa hewani watadhani mtoto kafa, waanze kukusanyika. Kristofa akamchomekea simu kwenye betri. Jamani, nani angemlaumu? Lakini wiki haikuisha, wazee wakawa wanapanga foleni. Kila mmoja anaitikia shikamoo yake, kisha anamkabidhi simu na waya. Alijua si sawa. Kusema hapana ndiko kulikomshinda.

Asubuhi moja ya Aprili, umeme ukiwa unakuja na kukatika, muuguzi Raheli aliingia liftini na kitanda cha Zakia, mwanamke kijana kutoka Soni aliyekuwa ameshindwa kujifungua. Alikuwa anapelekwa kupasuliwa ghorofa ya juu. Umeme ukakatika. Lifti ikasimama katikati ya ghorofa. Kristofa, akiwa nje mlangoni, akasubiri betri ifanye kazi yake. Akasubiri tena. Kimya. Hapo akakumbuka simu zote zilizonyonya betri ile tangu alfajiri.

Mzee Nassoro, baba mkwe wa Zakia, alikwishaokota nondo.

"Kristofa! Njoo tubomoe mlango huu!"

"Hapana, tate."

Watu wote wakageuka; kwa Kisambaa tate ni baba, na baba hakataliwi.

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia, tate. Chini ya lifti ni shimo tupu. Na umeme ukirudi ghafla, itaondoka na mtu akiwa nusu nje. Weka nondo chini, tafadhali."

Hakungoja ruhusa. Alipanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha mashine. Kwanza akazima swichi kubwa, lifti isije ikaondoka yenyewe. Kisha akaanza kuachia breki kidogo kidogo, huku akizungusha kwa mkono gurudumu la kuipandisha. Mgongo wake ni mbovu siku nyingi. Alikuwa akilia kwa sauti, wala hakuona aibu. Alama ya ghorofa ya juu kwenye kamba ya lifti ilipolingana, akakaza breki, akakimbia na ufunguo na kufungua mlango. Raheli alitoka na kitanda bila kumtazama.

Mtoto alikawia kulia, lakini alilia. Daktari alisema wangechelewa dakika kumi zaidi, yangekuwa mengine.

Pale nje ya chumba cha upasuaji, simu ya Mzee Nassoro ikaanza kuita. Ilikuwa imejaa chaji pomoni. Kristofa akamsogelea.

"Tate, chaji hiyo ndiyo ingemfungulia Zakia mlango. Uliniletea simu asubuhi, nami nikaichomeka. Kosa ni langu, lakini nimeona ulijue."

Mzee aliitazama simu mpaka ikaacha kuita yenyewe.

Kristofa akaenda mwenyewe ofisini kwa mganga mkuu, akaeleza yote, simu zote, wiki zote. Alipewa barua ya onyo. Betri ikawekewa sanduku lenye kufuli, na ufunguo, ajabu, akaachiwa yeye.

Juzi kulinyesha, umeme haupo tangu asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa akiuguza akashuka kutoka wodini na simu iliyozima.

"Shikamoo, tate."

"Marahaba, mwanangu. Nichomekee hii."

"Hapana, tate."

Neno hilo bado linamkwaruza koo, na mzee alinuna waziwazi. Kristofa akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake mwenyewe na kumpa.

"Piga kwa hii. Waambie mgonjwa wao ni mzima."