Salamu za Mama Resiato

Seuri alikuwa fundi kompyuta wa yadi ya malori Mikumi, na kazi aliiweza. Kilichomshinda ni kumpigia simu mama yake. Aligombana na baba kwa kukataa kuchunga ng'ombe, akaondoka Kilosa bila kuaga, na tangu hapo aibu ikamfunga mdomo. Akaona atumie njia ya waoga: ujumbe.

Alikuwa na skripti, programu fupi ya kuwaarifu madereva zamu zao. Ndani yake mlikuwa na funksheni, yaani kipande cha kufanya kazi moja, aliyoiita tuma, inayopokea vitu kwa mpangilio: cha kwanza jina, cha pili namba ya simu. Moringe, Frank, Brayan, wote walipata ujumbe. Akamwongeza mama kwenye orodha, na kila Jumapili skripti ikatuma: "Shikamoo mama. Mimi mzima. Nimekukumbuka sana."

Miezi minane, kimya. Jamani, kimya cha mama kinauma! Simu ikilia alishtuka, kumbe ni dereva anaulizia tairi. Akaamini mama ameshamfuta moyoni.

Jioni moja dada yake, Resiato, akamfuata yadini.

"Mama anauliza kama u hai."

"Si namtumia ujumbe kila Jumapili?"

"Ujumbe gani, Seuri? Simu yake namsomea mimi. Hakuna kitu."

Akafungua kompyuta. Mtoto wa Kimaasai hamtaji mama yake kwa jina, kwa hiyo kwenye orodha alimwandika Mama Resiato, kwa heshima zote. Lakini kigeu, kile kisanduku cha programu kilichobeba jina hilo, alikipeleka kwenye funksheni bila alama za nukuu. Skripti ikaona nafasi katikati ya maneno mawili, ikakata: cha kwanza "Mama", cha pili "Resiato". Namba halisi ya simu ikasukumwa hadi nafasi ya tatu, ambako funksheni haitazami. Madereva, walioandikwa kwa neno moja moja, hawakuonja tabu hiyo. Miezi minane alikuwa akituma salamu kwa namba iitwayo Resiato.

Akaziweka alama. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kutuma, akakiondoa. Akachukua simu, akapiga.

"Shikamoo, mama."

Upepo ulivuma upande wa pili, kisha sauti ikaja, inahema.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikae kwanza. Niko kilimani, mtandao unashika huku tu. Huwa napanda kila jioni, nisije nikakukosa."