Thadeus wa Saa Kumi

Thadeus Mghanga alizaliwa Ronge, kwenye mteremko wa migomba na miwa, mwaka wa 1914 kwa hesabu ya padre aliyembatiza, ingawa mamake, Wakio, alishikilia hadi uzeeni kwamba ulikuwa mwaka mmoja nyuma, kwa sababu yeye alikumbuka mvua na padre alikumbuka karatasi. Thadeus alikuwa kifungua mimba. Miaka sita baadaye alizaliwa Danson, ambaye tangu alipojua kutembea hakuonekana mahali pasipo kaka yake. Wanaoandika maisha ya watu wa Mungu hupenda kutuambia kwamba mtoto alikuwa mtulivu kuliko wenzake na kwamba alijua kusali kabla ya kujua kuzungumza. Mimi sitasema hivyo. Mama Wakio mwenyewe aliwaambia waliomuuliza kwamba Thadeus alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa jirani, aliogopa hata kuchelewa. Hofu hiyo haikumwacha maisha yake yote, na ninamwomba msomaji aishike akilini.

Mwaka wa 1936 aliteremka Voi akaandikwa kazi katika gengi la reli, wale watu wanaokaza njia ya gari la moshi na kubadilisha mataruma yaliyooza. Alikuwa fundi hodari na mume mwema kwa Tryphena, binti wa Mwatate, aliyemzalia Margaret na wengine wawili. Lakini kila siku saa kumi ya jioni msimamizi alipogonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele, wenzake walikwenda kuoga, naye Thadeus alibaki na hofu yake isiyo na jina, mikono haina la kufanya. Siku moja mtu akamwonyesha njia ya nyuma ya nyumba za reli, inayopita mlango wa pombe. Akagundua kwamba mafunda matatu ya kwanza yanaituliza ile hofu. Akajinunulia kibuyu chake mwenyewe, chenye shingo iliyozungushiwa waya, na kwa miaka kumi na mitano hakuna kengele ya saa kumi iliyogongwa Voi bila kibuyu hicho kutoka mlangoni. Danson, aliyekuwa ameandikwa gengi lilelile ili awe karibu na kaka yake, alimfuata jioni baada ya jioni kumrudisha nyumbani, naye hakuonja hata tone.

Mwezi wa Novemba 1951, katika mvua za vuli, ndugu hao wawili walitumwa na toroli la reli kuangalia njia upande wa Mwatate. Thadeus ndiye aliyeshika breki. Alikuwa amekunywa tangu asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya awali, naye Danson aliliona akanyamaza kwa heshima ya kaka yake. Kwenye mteremko toroli lilishika kasi, na mkono wa Thadeus ukachelewa. Yeye alirushwa kwenye majani akainuka bila mkwaruzo. Danson alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Alipotoka hospitali alirudi Ronge kwa magongo, wala hakumsemesha kaka yake tena, hata salamu. Thadeus alifukuzwa kazi, akapata kibarua cha kukata mkonge kwenye shamba moja nje ya mji.

Hapo mtu angetarajia kwamba aliiacha pombe siku hiyohiyo. Aliiacha, ndiyo, mara mbili. Mara ya kwanza aliapa mbele ya altare, na saa kumi ilipofika akajifungia chumbani, akaketi kitandani akishika kichwa. Alivumilia siku tisa. Mara ya pili alimpa Tryphena ufunguo amfungie kwa nje, akavumilia kumi na nne. Tryphena alisimulia kwamba alikuwa akisimama nje ya mlango ule akimsikia mumewe anavyopumua, naye akiogopa kumfungulia na akiogopa kutomfungulia. Mara zote mbili mlango ulifunguka na kibuyu kikatoka. Thadeus akaamini kwamba amelaaniwa. Alimwambia padre kwamba anajua siku moja atakufa kwenye njia ile ya pombe, na kinachomtisha si kufa bali ni kujua njia yenyewe.

Wito wake ulikuja Juni 1952, kwa njia isiyo na malaika wala mwanga. Alikuwa ameshika kibuyu, kengele imeshalia, amekwisha kuipita nyumba ya mwisho kabla ya mlango wa pombe. Katika nyumba hiyo aliishi bibi mmoja Mkamba aliyeitwa Mumbe, mjane wa mtu wa reli, miguu yake imevimba hata hawezi kufika bomba la stesheni. Alimjua Thadeus kwa sura, na alijua vizuri sana anakokwenda. Akamwita, akamwambia hajapata maji tangu jana. Thadeus, kwa aibu, akajibu kwamba hana chombo. Mumbe akakitazama kibuyu mkononi mwake. "Baba Margaret," akasema, "njia ni hiyohiyo, saa ni hiyohiyo, na chombo unacho. Badilisha kinachoingia ndani."

Alikwenda bombani kwa kuona haya tu. Alisuuza kibuyu mara tano, akakijaza, akarudi, na kwa kuwa kibuyu ni kidogo na mtungi wa Mumbe ni mkubwa, ikambidi aende safari nane. Alipomaliza kiza kilikuwa kimeingia, na ile saa ilikuwa imepita. Aliogopa kuamini. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. Alipewa debe na watu waliomwonea huruma, akalikataa, kwa sababu debe lingejaza mtungi kwa safari moja kisha angebaki na jioni nzima mikononi. Kila safari ya bombani ilimpitisha mbele ya mlango wa pombe, na wenzake wa zamani walimtania wakimwita mke wa pili wa marehemu mume wa Mumbe. Tryphena aliona jinsi alivyotokwa na jasho hata siku za baridi, na jinsi alivyotazama chini alipopita pale, akihesabu hatua. Wako wanaotaka mtakatifu asiyetetemeka. Huyu alitetemeka kila siku, saa kumi, hadi mwisho.

Baada ya mwaka mmoja walevi wengine wakaanza kumjia. Hakuwahubiria. Aliwauliza neno moja tu, "Saa yako ni ipi?" Dishon, mtia makaa wa gari la moshi aliyetoka magharibi, alisema yake ni alfajiri, kabla ya kupanda injini. Thadeus akamwombea kwa padre kazi ya kufagia kanisa na kugonga kengele ya asubuhi, na Dishon akaigonga kwa miaka. Hudson, karani, alisema hana saa maalumu, yeye ni siku nzima. Thadeus alimpa kazi moja baada ya nyingine, na Hudson alikufa hivyohivyo, mwaka wa 1954, mtaroni. Thadeus alichimba kaburi lile peke yake, akatoka humo amejaa wasiwasi mara mbili ya aliokuwa nao. Aliona wazi kwamba lingeweza kuwa lake.

Kisha likaja jaribu kubwa. Mwezi wa Machi 1955 Mama Wakio aliugua, akaacha kula. Mzee Mwandawiro, baba mdogo wa akina Thadeus, alisema ugonjwa huo ni hasira iliyolala nyumbani, na kwamba lazima ndugu wafanye kutasa. Asiyejua desturi hiyo ya Wadawida na aelewe: mwenye jambo moyoni hupiga funda la pombe ya miwa, halimezi, hulipuliza nje mbele ya wote akitamka kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka. Wako watakaoniuliza Mkristo alitafuta nini hapo. Alitafuta uhai wa mama yake na msamaha wa nduguye, na padre alijua akamruhusu. Mkubwa ndiye anayeanza. Thadeus aliomba apewe maji badala ya pombe. Mzee Mwandawiro akakataa, akasema mama anakufa na mtoto anachagua kinywaji. Danson aliketi kando, magongo yamelala mapajani. Thadeus akajiambia kwamba kutema si kunywa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Alipokea kata, akapiga funda. Baadaye alikiri kwa padre kwamba ladha ile ilimkaribisha nyumbani kama mtu aliyekuwa safarini. Wote walikuwa wakimtazama mdomo. Alitaka kupuliza, akashindwa. Koo lake likapanda, likashuka. Mama Wakio alifumba macho. Mzee Mwandawiro akampokonya kata akaiweka chini, na Tryphena akaanza kulia bila sauti, maana kivuli cha paa kilikuwa kimefika kwenye kinu, na pale nyumbani kwao kivuli kikifika hapo ni saa kumi.

Thadeus akasimama. Akachukua kibuyu chake, ambacho hakusafiri bila kuwa nacho, akatoka. Kutoka uani njia ilishuka kisha ikagawanyika, mkono mmoja kwenye chemchemi, mwingine kwa jirani aliyepika pombe ya siku ile, ambako mtungi ulikuwa bado nusu. Hakuna aliyemfuata. Mwili wake ulimwambia kwamba funda moja limekwisha kuingia, kwa hiyo la pili lina ubaya gani. Alipofika kwenye njia panda hakusali, hakukumbuka kiapo chochote, hakumkumbuka hata Hudson. Miguu yake iligeuka kwenye maji, kwa sababu kwa karibu miaka mitatu, saa hiyo, haikuwa imekwenda kwingine. Yeye mwenyewe alisema hivyo, na hakutaka apewe sifa. Alijaza kibuyu huku akilia kwa hofu ya jinsi alivyokuwa karibu.

Uani walikuwa wamekwisha kukata tamaa walipomwona akipanda, maji yanamwagikia kifua. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake akamnywesha. Ndipo Danson, ambaye alikuwa hajamwambia neno tangu siku ya toroli, akanyoosha mkono.

"Lete hayo," akasema.

Mzee Mwandawiro alitaka kuzuia. Danson akamwambia kwa adabu kwamba mwenye mguu ni yeye. Akapiga funda la maji, akalipuliza juu ya mchanga. "Mguu wangu ulikwenda. Hasira yangu nayo iende." Kisha akampa kaka yake kibuyu, naye Thadeus akapuliza, na safari hii koo halikusogea. Mama Wakio aliomba uji jioni ileile, akaishi miaka mitatu zaidi. Kanisa halijatamka lolote juu ya jambo hilo, nami sitatangulia.

Thadeus alirudi Voi na kazi yake ikaendelea, pamoja na hofu yake. Agosti 1959 alishikwa na kichomi. Danson aliteremka kutoka Ronge kumwona. Siku ya nne, homa ikiwa juu, kipande cha reli kiligongwa kule gengini na mgonjwa akafumbua macho, akaanza kuhangaika kutafuta viatu. Tryphena alimshika mabega. Akauliza kama Mama Mumbe amepata maji. Wakatazamana, maana katika mahangaiko yao hakuna aliyemkumbuka bibi yule. Danson alikichukua kibuyu kutoka msumarini, akakitundika shingoni kwa waya wake, akatoka na magongo yake. Thadeus alilala akisikiliza. Magongo yalikwenda yakarudi, yakaenda yakarudi, yakipita kila mara ile njia ya nyuma. Tryphena aliyahesabu pamoja naye. Kwenye safari ya nane uso wa Thadeus ulikuwa umelegea kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona katika ndoa yote, na alipomgusa alikuwa amekwisha kufariki.

Miujiza inayosimuliwa ni mingi, nami nimeichuja. Huu ninao kwa kinywa cha Mumbe mwenyewe: kwamba kesho yake saa kumi, kabla ya mazishi, Dishon na wanaume wengine sita walifika mlangoni kwake bila kuitana, kila mmoja na chombo kidogo, na tangu siku hiyo mtungi wake haukuwahi kukauka. Kibuyu kiko kanisani kwetu, si kwa kutazamwa. Kinatumika.

Ee ndugu msomaji, unayetaka kumwiga Thadeus, usianze kwa kuapa, wala usijifungie mlango. Jiulize saa yako ni ipi. Kisha utafute ni nani, saa hiyohiyo, ana kiu.