Upande wa Wanaume

Tangu tumzike baba, mama hakukanyaga kanisani. Jumuiya ilikuja kusali uani kwetu, padri naye akaja, mama akawajibu kwamba miguu inamuuma. Miguu hiyohiyo ilimpeleka shambani kila asubuhi! Mimi niliogopa. Mtu aliyekuzwa na kengele akianza kuikimbia kengele, amebaki na nini?

Siku moja isiyo na misa nikamwomba anisindikize kulitazama kanisa letu la zamani, nje kidogo ya Kipalapala, kabla waumini hawajahamia jipya.

"Kutazama siyo kusali," nikamwambia.

Akaguna, akajifunga kanga.

Tulipita njia ileile ya misafara ya kale, mchanga ukimeza nyayo zetu. Ndani kulikuwa na ubaridi. Kuta za udongo, nene ajabu, ziliizima dunia yote ya nje. Nyuki walivuma darini, mwanga wa dirishani ukaelea kama unga unaochekechwa. Sikuwa na hakika kama niko macho. Nilihisi wapagazi wa zamani wametua mizigo pale mlangoni, wanapumzika, wala hawana haraka nasi.

Kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto, hata leo. Mama alikaa mahali pake, kushoto, karibu na mbele.

"Baba yako alikaa kule nyuma mlangoni maisha yake yote, kama mgeni," akasema. "Wenzake wanamwita mbele, hataki. Nilimwonea aibu. Sasa nikiingia humu nageuka kumtafuta, na hayupo. Ndiyo maana siji."

Akainuka, akavuka kwenda upande wa wanaume, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akakaa benchi la mwisho.

"Hebu kaa pale pangu."

Nikakaa. Akanitazama. Akasogea benchi la mbele yake, nguzo ikamficha. Akasogea tena, nguzo nyingine ikamficha. Akarudi mlangoni, nikamwona wazi, uso mzima.

"Ni hapa tu," akasema polepole. "Kumbe mzee yule alikuwa ananitazama mimi."

Akalia, nami nikalia. Nyuki hawakujali.

Tulipotoka alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Jumapili uniamshe mapema," akasema. "Nataka nikae palepale pangu, asije akanikosa."