Mke wa Fisi Aliteleza Wapi?

Habarini humu ndani. Admin, tafadhali nifiche kabisa, maana Mafia ni kisiwa kidogo na watu wake wanajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeachika, sina mtoto, nafundisha darasa la awali kwenye kijiji kimoja upande wa ghuba ya Chole. Naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, mnivumilie nikikosea. Wa kulia umevunjwa na kaka yangu wa tumbo moja, mbele ya wanafunzi wangu.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka huu tuliitwa semina Kilindoni, sisi walimu wa watoto wadogo. Tukaambiwa tuache kuwakaririsha hadithi kama kasuku. Msimulie mtoto, halafu muulize kwa nini. Akijibu, usiliache jibu lake peke yake, liulize swali jingine, hapo ndipo anapoanza kuelewa. Nilirudi nimewaka kwa hamu. Watoto nao wakapenda, ikawa mmoja akitoa jibu wenzake wanamrukia: "Wapi? Kwa nini? Nani kakwambia?" Darasa kelele kama sokoni, mimi roho kwatu.

Siku hiyo niliwasimulia kisa nilichokitunga mwenyewe, mke wa fisi anakwenda kisimani akichechemea. Nikauliza, "Kwa nini anachechemea?" Mmoja akasema mwiba, mwingine akasema kaumwa na mbwa. Zuhura (si jina lake), mtoto wa kaka yangu, miaka mitano, akanyoosha kidole.

"Ameteleza."

"Ameteleza wapi?"

"Kwenye kafi ya baba."

Wenzake wakacheka. Kafi ni lile kasia fupi la ngalawa, nani atateleza hapo? Mimi sikucheka. Nikauliza tena, Mungu anisamehe, "Mbona hakulia?"

"Akilia anateleza tena."

Nilikaa chini. Kwetu, ndugu zangu, wanawake wanateleza sana. Mama yangu aliteleza maisha yake yote. Meno mawili ya mbele yalitoka kwa kuteleza kisimani, ubavu ulivunjika kwa kuteleza jikoni, na marehemu baba alikuwepo kila alipoteleza. Wifi yangu analima mwani, na mwani kweli una utelezi, kwa hiyo kila nilipomwona jicho limevimba akaniambia "nimeteleza, wifi," nilimpa pole nikapita. Niliamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Siku ile nilimchukia kaka, na nikajichukia mimi zaidi.

Kosa langu ni mdomo, hauna breki. Badala ya kutafuta wa kunisaidia, niliteremka hadi diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikamkuta kaka katikati ya wenzake. Hata shikamoo sikumpa. "Kaka, mkeo ameteleza wapi?" Akaendelea kushusha samaki. "Kwa nini mwanao anasema kwenye kafi yako?" Wanaume wakajifanya wanatazama nyavu. Kaka akasema taratibu, "Nenda nyumbani. Utajibiwa."

Nikajibiwa kesho yake, saa nne asubuhi. Aliingia darasani na kafi mkononi, watoto wamekaa kwenye jamvi. "Wewe ndiye unayemchokonoa mwanangu siri za nyumba yangu?" Pigo la kwanza lilinipata begani. La pili nililikinga na mkono, nikasikia mfupa unavunjika kama kuni kavu. Nikaanguka katikati ya watoto. Akanivuta kwa mtandio, akanipiga mgongoni, mbavuni, damu imejaa mdomoni, na kila pigo anauliza, "Kwa nini? Kwa nini? Si unapenda kuuliza kwa nini?" Watoto walipiga mayowe, wengine walijikojolea. Zuhura peke yake hakulia. Alikuwa anajua kinachompata anayelia.

Alipotoka pale akaenda kumalizia nyumbani kwake. Wifi amepasuliwa mdomo, na sikio moja hadi leo halisikii.

Mama alifika kabla sijapelekwa hospitali. Akanishika kidevu. "Mwanangu, ukaseme umeteleza. Huyu ndiye mwanamume pekee niliyebaki naye. Ukimfunga kaka yako, radhi zangu usizitafute." Na mimi, mwalimu wa maswali, daktari aliponiuliza nikasema nimeteleza. Wifi alikuwa benchi la pili, mtandio mdomoni, naye akasema vilevile. Hatukutazamana.

Jumatatu nimerudi darasani na hogo langu la plasta mkononi. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mkono umefanyaje?" Kabla sijafungua mdomo, darasa zima likaitika kwa pamoja, kama walivyofundishwa majumbani kwao, "Ameteleza!" Watoto walewale walioona kila kitu.

Zuhura akanyoosha kidole. Amekonda, sauti haitoki vizuri. "Ameteleza wapi?"

Wote wakanigeukia. Nikasema muda umekwisha, nendeni mkacheze. Hata saa tatu ilikuwa haijafika.

Jana wifi kanitumia ujumbe, kisha akaniomba niufute: "Wifi, nikiteleza tena sitaamka. Ukisema wewe, na mimi nitasema. Peke yangu siwezi." Nikisema, kaka anafungwa na mama ananinyima radhi, na mama ni mgonjwa. Nikinyamaza, siku moja nitaitwa kumwosha wifi yangu, na nitaambiwa aliteleza.

Mnaonisoma, msinitukanie mama, naye ni binadamu. Nisaidieni hili moja tu. Kesho asubuhi watoto watakaa tena kwenye jamvi, na yule mtoto hajajibiwa. Nimwambie nini?